Chumvi Mlangoni

Chea ameniwekea matumbo kando, ndani ya karai,
na gunia juu yake, nzi wasijue.
"Leo wamo," asema, "warefu kama kamba ya kuanikia."
Alfajiri ya Kongowea, damu ya mbuzi yapita mtaroni,
nami nimechutama, nawavuta kwa kidole,
pingili baada ya pingili, polepole, wasikatike,
weupe kama tambi kabla ya kukaangwa.
Nawatia kwenye thamosi iliyokuwa ya chai ya mama.
Thamosi ameisamehe. Mimi bado.

Digrii thelathini na tisa, joto la mbuzi mzima:
ndivyo ninavyowavusha Daraja la Nyali
hadi Tononoka, chumba kimoja, feni yenye kikohozi,
chupa tatu, na saa ya ukutani
iendayo mbele dakika nne.

Tegu hana kinywa.
Baba alikataa kuamini. "Sasa yeye husema bismillahi kwa wapi?"
Hana kinywa, hana koo, hana tumbo;
amelala ndani ya tumbo la mwingine, la kwake la nini?
Huyu ndiye mgeni ambaye jembe lilimngoja
likaota kutu, mpini ukaliwa na mchwa,
naye yu vilevile, akila kwa ngozi.
Na ngozi yake yote ni milango,
na kila mlango una bawabu mwenye sharti moja:
sukari haiingii peke yake.
Ije imeshikwa mkono na chumvi.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu.
Miaka thelathini na minane baba alisonga halua Kibokoni,
sufuria ya shaba, mwiko unaomzidi kimo,
hiliki, kungumanga, jasho,
na mwisho, akidhani hatumwoni,
chembe ya chumvi kwa ncha za vidole.
"Utamu usiotiwa chumvi," alisema, "haujui njia."

Sasa nadondosha florizini.
Yatoka kwenye gome la mtofaa,
si tofaa hili letu la Kisauni, jekundu, la maji,
ni la nchi za baridi ambako sijafika.
Ni chungu, lakini ubavuni imebeba sukari yake,
na kwa sukari hiyo bawabu hudanganyika,
huiona mwenyeji, huipa nafasi,
nayo haiingii wala haiondoki.
Hukaa kizingitini kama mdai.

Chupa ya kwanza, isiyo na dawa: sukari imeshuka nusu.
Ya tatu, niliyoinyima chumvi: haikuguswa.
Ya pili, yenye florizini:
tegu waelea katika utamu mtupu na njaa yawamaliza.
Wameanza kula akiba waliyojiwekea mwilini,
kama watu wauzao vyombo, kisha kitanda,
kisha bati la paa.
Nilitarajia kushangilia. Niliandika tarakimu.

Daktari wa baba amembadilishia kidonge.
Kikaratasi cha ndani ya boksi nimekisoma mara tatu:
ni mjukuu wa gome lile lile.
Hukaa kwenye milango ya figo,
sukari ikose pa kurudia damuni, ishuke na mkojo, iende zake.
Nikamweleza taratibu. Akanyamaza.
Kisha: "Kumbe nakojoa halua."
Tukacheka hata mama akatoka jikoni na thamosi mpya,
akiishika mbali nami.

Sikumwambia kwamba mlango wake na wa tegu
seremala wao ni mmoja.
Wala kwamba chupa ile ya pili, saa tatu zilipotimia,
sukari ilikuwa imepungua,
kidogo sana, kama iliyolambwa.
Nimepima tena. Imepungua.
Huenda upo mlango mwingine usiodai chumvi,
au mkono wangu ulitetemeka,
au ni ile saa.

Alhamisi narudi kwa Chea.